Uzi wa Tatu

Siku tuliyomzika baba, mwanamke mmoja muuza maharagwe wa Kampemba alichukua mkasi wangu wa kushonea, akakata nyuzi zote sita za gitaa la baba mbele ya waombolezaji, na mimi nikatakiwa nicheke. Sikucheka. Hata leo nikikumbuka, mashavu yanapata moto.

Mwanamke yule ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wa baba ni watani tangu enzi za mababu, na kwetu mtani ndiye mwenye msiba. Anaruhusiwa kukalia kiti cha marehemu, kuvaa kofia yake, kuigiza kikohozi chake, na hata kulizuia jeneza mlangoni. Ukimkasirikia, wewe ndiwe mwenye makosa. Basi alikaa kwenye kiti cha baba, chini ya turubai, katika lupango letu, yaani ua wa nyumba yetu, mtaa wa Kamalondo, akalipakata lile gitaa. Lilikuwa jumbo, gitaa lenye tumbo pana kupita yote, na baba alilitunza tangu siku zake za kazi ya reli. Mtani akavimbisha mdomo jinsi baba alivyokuwa akifanya alipotafuta sauti. Watu wakavunjika mbavu. Mama yangu, mjane wa siku mbili, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha mtani akaomba mkasi, na kila mtu alijua mkasi unakaa wapi, juu ya cherehani yangu.

«Huyu bwana alipendaka bakorde kupita bibi yake,» alisema. «Aende nabo!»

Kata, kata, mara sita. Aliviringisha nyuzi zile akazitia kwenye jeneza, karibu na viatu vya baba. Halafu akatunyooshea kidole, mimi na mdogo wangu wa kiume.

«Siku ya kutosha kilio nitarudia. Kama gitare haisemi, nitaibeba. Iko na tumbo ya muzuri, nitawekea maharagi yangu.»

Watu wakacheka tena. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikapiga ndoo teke.

Asiye wa kwetu atasema huo ni mzaha tu. Neno la mtani kilioni si mzaha tu. Siku ya kutosha kilio, yaani siku familia inapovua nguo za msiba baada ya mwaka, kama gitaa lingekuwa kimya angelibeba kweli, na hakuna mzee ambaye angethubutu kumzuia. Na mama alikuwa na ombi moja tu kwa mwaka ule mzima: siku hiyo asikie tena wimbo wa Jumapili, ule ambao baba alikuwa akiupiga tukishatoka misani. Alilirudia ombi hilo kila wiki, nami kila wiki niliahidi.

Niseme sasa habari yangu na gitaa lile, maana bila hiyo hasira yangu haitaeleweka. Sikuruhusiwa kuligusa. Mdogo wangu aliruhusiwa. Alikuwa na miaka saba baba alipomweka kwenye goti na kumwonyesha mahali pa kidole gumba. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nimesimama mlangoni, mikono imelowa maji, kwa sababu kazi yangu mimi ilikuwa kuchemsha nyuzi.

Nyuzi nzuri hazikupatikana ovyo. Zikichoka, zikijaa jasho na uchafu, baba alizifungua moja moja akanikabidhi. Nilizitia kwenye sufuria ya maji na kipande kidogo cha sabuni, nikaziacha zichemke, nikazisuuza, nikazivuta kwenye kitambaa mpaka zikauke, nikazitundika kwenye kamba ya nguo kwa mpangilio wake. Baba aliita toka ndani, «Leta ya tano,» nami nilileta ya tano bila kuangalia, kwa kupima na vidole. Kazi hiyo niliifanya mpaka nilipoolewa, na niliporudi kwetu bila mume nikaifanya tena. Katika miaka yote hiyo hakuniambia hata siku moja, kaa hapa, weka kidole hapa. Mdogo wangu alijifunza nyimbo tatu nne, akachoka, akaenda kupigia kanisani, kisha akapata kazi mgodini akajenga Ruashi. Mimi niliyetamani nilibaki na sufuria. Nilimkasirikia baba alipokuwa hai, na alipokufa nikaendelea.

Mwaka ulipokaribia kutimia, mdogo wangu alikuja na pakiti ya nyuzi mpya. Ni mtu wa kujua kila kitu huyu. Rafiki yake wa kwaya alikuwa amemweleza, naye akaja kunieleza mimi, yaya yake, yaani dada mkubwa.

«Yaya, gitare munene inaomba bakorde banene. Tumbo kama hii, ukiwekea ya mwembamba, haiamuke.»

Baadaye nilikuja kujua kwamba hakusema uongo wote. Ni kweli tumbo kubwa linahitaji uzi wenye uzito ili litikisike. Lakini gitaa lile linatuzidi umri, na mbao zake zimekaushwa na viangazi vingi. Isitoshe, yeye alikaza nyuzi mpaka kwenye sauti iliyoandikwa kwenye pakiti, wakati baba alizoea kuziacha chini kidogo ya hapo. Nilimwambia. Akanijibu kwamba mimi nishone nguo. Akaliegemeza gitaa chumbani kwa mama, akarudi zake Ruashi.

Asubuhi tumbo lilikuwa limevimba. Kile kibao kinachoshika nyuzi kilikuwa kimeanza kubanduka kwa nyuma; nilichukua karatasi ya kukatia mitindo nikaipitisha chini yake bila shida. Nilimpigia simu mdogo wangu nikamtukana hadi majirani wakatokeza vichwa. Kisha nikalegeza nyuzi, huu kidogo, ule kidogo, zote kwa zamu, ili mbao zisishtuke. Seremala wa mtaani alikibandika kibao kwa gundi, akakibana kwa siku nne, akanionya kwamba kikivutwa vile mara ya pili kitatoka na kipande cha tumbo.

Kwa hiyo kazi ilibaki kwangu. Nyuzi za baba zilikuwa kaburini na hakuna aliyejua zilikuwa za aina gani. Hakuwahi kutunza pakiti wala kuandika namba, na mwanamume mwenzake wa kumrithisha habari hizo alikuwa ndiye yule mjuaji wa Ruashi. Nilifunga cherehani nikaenda mjini, kwenye duka la vyombo vya muziki.

Muuzaji alikuwa mtu wa rika langu, miwani imeshuka puani. Alinitazama mikono, akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna mtu anakuja.

«Ni ya bwana yako, Maman? Ao ya mutoto?»

«Ni ya miye.»

Ulikuwa uongo, na ulinipendeza mdomoni. Akanitandazia pakiti. Hizi nyepesi, hizi za kati, hizi nzito. Hizi za njano, sauti yake kali. Hizi nyekundunyekundu, rangi ya shaba, sauti yake nzito kidogo, na zinadumu. Alisema vizuri, siwezi kumsingizia. Nikamwambia afungue nizishike.

«Hatufunguake, Maman.»

Nikamwambia mimi ni mshonaji, sijawahi kununua uzi ambao sijaushika. Akasema huu si uzi wa nguo. Nikasema vidole ni vilevile. Nilisimama pale pale mbele ya meza yake, pochi kifuani, wateja wengine wakinizunguka, mpaka akaona bora afungue kuliko kunitazama siku nzima. Alifungua za kati, za rangi ya shaba.

Nilifumba macho nikazipitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada. Nzito mno. Nikasema anipe nyepesi. Akaguna, akafungua. Uzi wa sita, ndiyo. Wa tano, ndiyo. Wa nne, ndiyo. Wa kwanza na wa pili, ambazo ni waya mtupu, ndiyo. Lakini wa tatu ulikuwa umevikwa waya mwembamba kwa juu, kama zile nene tatu, na vidole vyangu vikakataa.

«Huu si wenyewe,» nilisema. «Wa tatu haukuwa na nguo.»

«Maman, kwa acoustique, gitare haina umeme, ya tatu inavalaka. Njo vile bantu ba fabrike banafanyaka.»

«Kwa papa yangu, tatu zilivaa, tatu zilikuwa uchi. Nilizichemsha miye, mara sijui ngapi.»

Akacheka. Akasema, «Basi papa yako alikosea.»

Hapo sauti yangu ilipanda mpaka wateja wakageuka. Nikamwambia papa yangu alikosea mambo mengi, na akitaka nitayahesabu mpaka saa ya kufunga duka, lakini katika nyuzi hakukosea, na asimcheke mtu asiyeweza kumjibu. Nilishangaa kujisikia nikimtetea. Muuzaji alipandisha miwani yake. Alifungua droo nyingine, ya nyuzi za gitaa za umeme, akatoa pakiti, akachomoa uzi wa tatu. Mtupu, mnene kuliko wa pili kwa unywele tu. Nilipouvuta kati ya vidole nilijikuta nikivuta pumzi.

«Huu.»

Akautazama, akautazama tena. Akachukua gitaa moja la dukani akaufunga pale mahali pa tatu, akaubonyeza na kuusukuma kando kwa kidole. Uzi ukapanda sauti, ukalia. Akarudia. Uzi uliovikwa, alieleza, haukubali kusukumwa hivyo, huu unakubali. Nami nilijua ule mlio unatokea wapi katika wimbo wa Jumapili. Unatokea mara tatu, na mara ya tatu ni mrefu.

«Kumbe,» alisema. «Papa yako alikuwa mufundi.»

Nililipa pakiti mbili nzima kwa ajili ya gitaa moja, nikatoka bado nimekasirika, ila sikujua tena ni nani wa kumkasirikia.

Nilizifunga mwenyewe. Kufunga niliweza, nilimwona baba akifanya mara nyingi, na kukaza nilikaza chini, kwa kuilinganisha sauti na ile iliyo kichwani mwangu, jicho kwenye kibao. Kibao hakikusogea. Lakini mdogo wangu alipokuja kujaribu Jumamosi, sauti ilikuwa mpya kupita kiasi, inalia uani kama vijiko vinavyoanguka. Nyuzi za baba hazikuwahi kuwa mpya. Zilikuwa na jasho lake ndani. Kwa wiki mbili, kila nikimaliza kushona, sikunawa. Nilikaa na gitaa mapajani nikazisugua nyuzi kwa vidole, kwenda na kurudi, mpaka mng'ao ukaisha. Baba alinikataza kuligusa akisema mikono yangu ina mafuta. Mdogo wangu aliniona akacheka, akauliza kama nakanda unga.

Kila Jumamosi alifanya mazoezi, na kila Jumamosi alijikwaa palepale, kwenye ule mlio. Alikuwa amesahau. Nikawa namwimbia kutoka kwenye cherehani, noti moja moja, yeye akitafuta kwa vidole. Nilijisikia nikimfundisha wimbo ambao mimi nilinyimwa, na mguu ukakanyaga cherehani kwa nguvu hadi sindano ikavunjika.

Siku ikafika. Tulitoka misani, tukala, mama akavua nguo nyeusi akavaa kitenge nilichomshonea. Mtani wetu aliingia na gunia tupu begani, akalikung'uta mbele ya watu wote.

«Iko wapi sahani yangu ya maharagi?»

Mdogo wangu akaketi, akapiga. Nitasema kweli ingawa inaniuma: alipiga vizuri. Kidole gumba kilitembea chini, taratibu, na juu wimbo ukaja ukiwa umefifia kidogo, mkavu, vilevile. Ulipofika ule mlio wa tatu, mama alifumba macho na midomo yake ikasogea. Mtani alitandika gunia lake chini akalikalia.

Kisha zikaanza sifa. «Mutoto mwanaume! Njo papa yake kabisa!» Wazee walimpiga mgongoni. Baba mdogo, ndugu wa baba aliyeongoza shughuli, alisimama akasema gitaa limepata mwenyewe, liende Ruashi na mtoto wa kiume. Mdogo wangu alitabasamu akafungua kasha lake. Nilingoja aseme neno moja juu yangu. Hakusema. Akainama kulitia gitaa ndani.

«Haitoke hapa,» nilisema.

Baba mdogo akaniuliza, kwa upole uliozidi kunichoma, mwanamke atalifanyia nini. Na hapo yakanitoka yote, siku ambayo marehemu husemwa kwa mema tu. Nilisema baba aliniona nikisimama mlangoni tangu nikiwa mtoto na hakunipa hata dakika moja. Nilisema alinifanya mpishi wa nyuzi zake na kumpa chakula mwingine. Nilisema uzi wa tatu mlioulilia sasa hivi niliutafuta mimi, kwa vidole hivi, wakati huyu shujaa wenu alitaka kuling'oa tumbo. Nilisema baba alikuwa mchoyo, na kufa hakumbadilishi.

Mmoja wa wazee aliondoka kitini. Ndipo mama akasema, bila kupandisha sauti, akikunja na kukunjua pindo la kitenge kipya.

«Acha papa yako. Ni miye nilikatalaka.»

Nilifikiri sikusikia.

«Alitakaka kukufundisha, weye wa kwanza. Nilimwambia mutoto mwanamuke wa miye hataenda mu babar, kwa balevi, na gitare. Nilimwambia siku utamupa, nitarudia kwetu na batoto. Alinibembeleza sana. Akasema, basi aguse hata bakorde tu. Nikasema, mu maji, sawa.»

Nilitamani kupiga kelele na sikupata wa kumpigia. Mama ni mzee, mifupa tu ndani ya kitenge. Baba alikuwa amemtii mwanamke mmoja na kumficha mwingine, akakubali nimchukie bure kwa miaka yote ile kuliko kuvunja neno lake kwa mkewe. Na hilo nalo lilinikasirisha, labda kuliko uchoyo niliokuwa nimemvisha. Angeniambia. Siku moja tu, kati ya «leta ya tano» na «leta ya nne», angeniambia.

Mtani alikuwa amenyanyuka, anakunja gunia lake.

«Nimekuya na gunia bule,» alisema. «Na miguu inaniluma. Mwachieni huyu mwanamuke gitare. Na ile kasirani yake, akilala bila gitare ataluma muntu.»

Kicheko kilitoka taratibu, kikakua, na ndani yake shauri likaisha, kwa kuwa baada ya mtani hakuna anayeongeza. Mdogo wangu aliacha kasha wazi. Alipopita karibu nami aliniambia, «Pardon, yaya,» akiangalia chini. Nilimjibu kwamba sijamsamehe bado.

Kesho yake sikufungua kazi. Nilikaa kwenye kigoda cha cherehani na gitaa mapajani. Ni kubwa mno kwangu. Mkono wa kulia haufiki vizuri juu ya tumbo lake. Vidole vinavyojua kila uzi kwa kuushika havikujua chochote kwa kuubonyeza. Nilibonyeza wa tatu, nikaupiga, ukatoa mlio wa bati. Nikapiga tena. Na tena. Ncha ya kidole iliniwaka.

«Kichwa inaniluma,» mama alisema toka chumbani kwake. «Punguza makelele.»

Nikapiga kwa nguvu zaidi. Nilisikia kitanda chake, kisha kandambili zake, kisha alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Niliendelea kupiga bila kumtazama. Alikaa pale muda mrefu, mwanamke aliyemtazama baba akipiga wimbo ule kila Jumapili ya ndoa yake.

«Hapana pale,» alisema. «Shusha kidole, kiloko tu.»

Nilishusha kidogo. Uzi ukalia inavyotakiwa. Sikumshukuru, nilikaa na kidole palepale, nikingoja aniambie kinachofuata.